Mtume, Mganga na Pepo Mtoto: albamu za jazi na soul zilizopita kimya zarudi kwenye simu

Mwaka 1971 kulikuwa na bendi moja Marekani ambayo wanamuziki wake sita walijiita Mwandishi, Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile na Pepo Mtoto.

Mwandishi alikuwa Herbie Hancock, mpiga piano aliyetokea kwenye kundi la Miles Davis. Mchezaji ni Buster Williams wa besi, Jabali ni Billy Hart wa dramu. Mwile ni Bennie Maupin wa saksafoni, na kusema ukweli hilo jina ni Kiswahili cha kubahatisha. Pepo Mtoto ni Julian Priester wa tromboni. Mtu wa Tanga au Mombasa akisikia kuna pepo ndani ya nyumba, anatafuta mganga haraka. Bahati nzuri mganga alikuwemo humo humo: Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, ambaye ni daktari kweli, wa kusomea.

Albamu yao ya kwanza iliitwa "Mwandishi". Haikutikisa soko. Miaka miwili baadaye Hancock akabadilisha karibu bendi nzima, akatoa "Head Hunters", ikauza zaidi ya nakala milioni 1, na hadi leo ndiyo wengi wanayomjua nayo. Ile ya Kiswahili ikabaki ya wachimbaji.

Albamu za namna hiyo ni nyingi kwenye jazi na soul. Zilitoka, zikapita kimya, zikabaki kwenye makabati ya watu wachache. (Jazi inayozungumzwa hapa ni ya Marekani, siyo dansi la Western Jazz au Jamhuri Jazz, ingawa nalo lina makabati yake.) Mara nyingi hazikupotea kwa sababu ni mbaya. Zilipotea kwa sababu ya nani anamiliki rekodi, jina la nani liliwekwa mbele, na kama alitokea mtu baadaye akaamua kuzirudia.

Mwaka 2025 makabati mawili yalifunguliwa.

Hati mkononi

La kwanza ni la Strata-East. Lebo hii ilianzishwa New York mwaka 1971 na wanamuziki wawili, Charles Tolliver wa tarumbeta na Stanley Cowell wa piano, baada ya kuzungusha kazi yao kwa lebo kubwa na kukosa wa kuichukua. Utaratibu wao ulikuwa mgeni kabisa kwa wakati ule: msanii anabaki kuwa mwenye rekodi mama, lebo inachapisha na kusambaza. Yaani kiwanja chako, hati yako.

Kwa msanii mweusi wa Marekani wa miaka hiyo, hilo lilikuwa jambo zito. Wengi walikuwa wanalipwa kwa siku ya studio, basi, wimbo ukipigwa miaka 50 wao hawamo.

Ila mfumo wa hati una usumbufu wake. Lebo kubwa ikitaka kuweka kazi zake za zamani mtandaoni, inaamua mara moja, imekwisha. Hapa kila albamu ina mwenyewe, na wengine wameshafariki. Kwa miaka mingi santuri za Strata-East zilikuwa za kuwindwa na wakusanyaji wenye pesa zao. Mwaka 2025, kwa ushirikiano na lebo ya Mack Avenue, nyingi ziliingia kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni. Cowell hakuiona siku hiyo, alifariki Desemba 2020.

Humo ndani kuna "Winter in America" ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson, ya mwaka 1974, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote. Lakini ya kuanza nayo ni "Glass Bead Games" ya mpiga saksafoni Clifford Jordan, ya mwaka huo huo. Ukisoma majina ya nyimbo unagundua ni albamu ya kuenzi watu, ingawa jalada halisemi hivyo. Upo wimbo wa John Coltrane, wa Paul Robeson, wa Eddie Harris, wa Cal Massey.

Coltrane anajulikana na kila mtu. Cal Massey je? Huyu alikuwa mpiga tarumbeta na mtunzi, Coltrane mwenyewe alirekodi wimbo wake. Aliingia studio kama kiongozi wa bendi mwaka 1961, na rekodi hiyo ilikaa stoo hadi 1987. Massey alikuwa ameshafariki miaka 15 kabla. Jordan alimwekea wimbo wakati albamu yake bado imefungiwa, na hapo ndipo uzito wa kumuenzi mtu unapoonekana. Coltrane angekumbukwa tu hata bila Jordan.

Na kama wewe ni mtu wa hip hop, Strata-East umeshaisikia bila kujua. Kipande kinachozunguka kwenye "One Love" ya Nas, ya mwaka 1994, kimetoka kwenye "Smilin' Billy Suite" ya ndugu watatu wa familia ya Heath: Percy, Jimmy na Albert.

Mtoto wa Jimmy Heath

Jimmy ndiye baba mzazi wa James Mtume, na Mtume ndiye aliyegawa yale majina ya Kiswahili.

Jina "Mtume" kwa sikio la Kiswahili linashtua kidogo. Kwake lilikuwa la kisiasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana weusi wengi Marekani walichukua Kiswahili kama lugha ya Afrika yote, isiyo ya kabila moja, na Mtume alikuwa kwenye kundi la Maulana Karenga, mwanzilishi wa Kwanzaa. Sarufi haikuwa hoja kubwa.

Desemba 1969, akiwa na miaka 23, aliingia studio na baba yake, baba yake mdogo na marafiki zao kurekodi albamu inayoitwa "Kawaida". Kiongozi kwenye jalada ni Albert Heath, aliyejiita Kuumba. Nyimbo zina majina kama "Baraka", "Dunia" na "Kamili", na sehemu kubwa ya tungo ni za Mtume. Hancock alipiga piano, Don Cherry akapiga tarumbeta.

Unaweza kukisia kilichofuata. Matoleo ya baadaye yaliweka mbele majina ya Hancock na Cherry, kwa sababu hayo ndiyo yanauza. Mwenye albamu akawa mgeni kwenye albamu yake. Leo mtu akiitafuta anaweza kuikuta chini ya jina la mtu aliyeitwa tu kuja kupiga.

Mtume akaendelea. Alipiga ngoma kwa Miles Davis, mwaka 1972 akatoa "Alkebu-Lan" kupitia Strata-East, halafu akahamia kwenye soul na huko akapata mkate wa kweli. Yeye na mpiga gitaa Reggie Lucas ndio walioandika "The Closer I Get to You", iliyoimbwa na Roberta Flack na Donny Hathaway. Mwaka 1983 bendi yake ikatoa "Juicy Fruit". Miaka michache baadaye aliwasema hadharani wana hip hop wanaokata vipande vya nyimbo za wenzao, na kundi la Stetsasonic likamjibu kwa wimbo mwaka 1988. Mwaka 1994 Notorious B.I.G. akaichukua "Juicy Fruit" akatengeneza "Juicy", safari hii jina la Mtume likiwemo kwenye waandishi. Alifariki Januari 2022.

Lakini kuna albamu moja kwenye historia ya Mtume ambayo haizungumzwi inavyostahili, na siyo yake.

Januari 13, 1979, Donny Hathaway alikuwa studio New York akirekodi nyimbo za albamu mpya na Roberta Flack. Mtume alikuwepo. Hathaway alikuwa ameugua maradhi ya akili kwa muda mrefu, na usiku ule alianguka kutoka dirisha la hoteli aliyokuwa anakaa. Alikuwa na miaka 33.

Flack alitaka iwe albamu nzima ya watu wawili. Aliyekuwa naye alishatia sauti kwenye nyimbo mbili tu. Angeweza kuziacha, au kuzitoa pembeni na albamu ikaitwa jina lake peke yake. Hakufanya hivyo. Mwaka 1980 ilitoka kwa jina "Roberta Flack Featuring Donny Hathaway", na nyimbo zake mbili ndani. Moja, "Back Together Again", iliandikwa na Mtume na Lucas. Ni wimbo wa furaha, wa kucheza, na mtu akishajua habari yake unakuwa mgumu kuusikiliza.

Flack alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 88. Watu walirudi kwenye "Killing Me Softly", na ni haki yao. Hii nyingine ipo pale pale, haijaenda popote.

Kabla ya arobaini

Si kila albamu ya kuenzi imetoka moyoni, au moyoni peke yake. Angalia tarehe za miaka ya 1960.

Dinah Washington, malkia wa blues, alifariki Desemba 14, 1963. Mwaka 1964 ukiwa bado mchanga, Columbia ikatoa albamu ya kumuenzi iliyoimbwa na binti wa miaka 21. Sam Cooke aliuawa kwa risasi Desemba 1964. Aprili 1965 Motown ikatoa "We Remember Sam Cooke" ya Supremes. Nat King Cole alifariki Februari 1965. Kabla ya mwaka kwisha, Motown hao hao wakatoa albamu ya kumuenzi, mwimbaji Marvin Gaye.

Kwa desturi za kwetu, hapo kwa Dinah mtu angeuliza kama arobaini imeshaisha. Lebo zilijua msiba unauza, na zilijua unauza zaidi ukiwa mbichi.

Hata hivyo, zisikilize. Yule binti wa Columbia alikuwa Aretha Franklin, miaka mitatu kabla ya "Respect". Columbia ilikuwa inamvalisha nguo za kila aina kutafuta itakayomkaa, leo jazi, kesho nyimbo za maonyesho. Kwenye "Unforgettable: A Tribute to Dinah Washington" anaimba nyimbo za mtu aliyemkuza kimuziki, na ghafla sauti inakaa mahali pake. Ukiwa na nafasi ya kusikiliza Aretha mmoja tu wa kabla ya 1967, chukua huyu.

Ya Marvin Gaye ni kinyume. Anaimba vizuri, kwa heshima mno, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Ndiyo aina ya mwimbaji aliyotaka kuwa wakati ule, na soko likamkatalia. Thamani yake leo ni hiyo, inaonyesha Marvin ambaye hakutokea. Ya Supremes inapita tu, hakuna haja ya kuitetea.

Dinah mwenyewe alishafanya hivyo kwa mwingine. Mwaka 1958 aliimba albamu nzima ya nyimbo za Bessie Smith, miaka 21 baada ya Bessie kufa kwa ajali ya gari. Hapo hakuna wa kusema alikimbilia msiba.

Nani anapata mkwanja?

Swali hili lina jibu la kisheria, na linashangaza watu.

Kwa sheria ya Marekani, wimbo ukishatolewa mara ya kwanza, yeyote anaweza kuurekodi upya bila kuomba ruhusa, mradi alipe mirabaha ya mtunzi. Kwa hiyo albamu ya kumuenzi mtu humlipa aliyeandika wimbo, au familia yake, au kampuni iliyonunua haki zake. Aliyeuimba kwa mara ya kwanza bila kuuandika hapati kitu. Dinah Washington hakuwa mtunzi wa nyimbo nyingi alizojulikana nazo.

Redio za kawaida za Marekani ni hivyo hivyo: zinamlipa mtunzi, hazimlipi mwimbaji. "Respect" iliandikwa na Otis Redding. Kila redio ilipoipiga sauti ya Aretha, hela ya redio ilikwenda upande wa Otis.

Na ukitaka kuongeza maneno kwenye wimbo ambao haukuwa nayo, hapo ruhusa inatakiwa. Mwaka 1988 Carmen McRae, akiwa na umri wa miaka 60 na kitu, alirekodi "Carmen Sings Monk", albamu nzima ya tungo za Thelonious Monk, aliyefariki 1982. Tungo za Monk ni za kona kona, waimbaji huzikimbia. Kwa kuwa ziliwekewa maneno, masuala ya haki yalilazimisha baadhi ya majina kubadilishwa: "Ruby, My Dear" ikawa "Dear Ruby", "In Walked Bud" ikawa "Suddenly". Anayezitafuta kwa majina ya zamani hazioni. Waliopiga saksafoni humo ni Charlie Rouse, aliyekaa na Monk miaka mingi, na Clifford Jordan yule yule wa Strata-East. Pengine ndiyo albamu bora ya kuenzi mtu katika jazi yote, na wenye kuijua ni wachache.

Kumuenzi aliye hai

Mwaka 2018 José James alitoa "Lean on Me", nyimbo za Bill Withers tupu. Withers alikuwa hai, na alikuwa ameacha kutoa albamu tangu 1985. Alifariki Machi 2020. Kulinganisha na mbio za miaka ya 1960, hii ilikuwa na ustaarabu wake.

Njia nyingine ni ya Makaya McCraven, mpiga dramu wa Chicago. Mwaka 2020 alichukua sauti ya Gil Scott-Heron kutoka albamu yake ya mwisho, akaijengea muziki mwingine kabisa chini yake, akitumia pia rekodi za zamani za wazazi wake wanamuziki. Matokeo yake, "We're New Again", yanamfanya mzee aliyechoka asikike kama yuko sebuleni na watu wake. Meshell Ndegeocello, ambaye jina lake la kisanii nalo lina "ndege" ndani, alikwenda mbali zaidi mwaka 2024: albamu ya kumuenzi mwandishi wa vitabu, James Baldwin, iliyotoka siku Baldwin angetimiza miaka 100. Ikachukua Grammy.

Na kabati la pili la 2025 ni hili. Mpiga dramu Terri Lyne Carrington na mwimbaji Christie Dashiell walitoa "We Insist 2025!", wakirudia albamu ya Max Roach ya mwaka 1960, kwenye lebo ile ile ya Candid. Ya asili ilitoka mwaka wa mauaji ya Sharpeville, na moja ya nyimbo zake inaililia Johannesburg. Mwimbaji alikuwa Abbey Lincoln, na kuna sehemu haimbi, anapiga kelele tu, kelele za hasira, bila neno.

Kelele zile zilimgharimu. Albamu yake mwenyewe iliyofuata, ya 1961, ilishambuliwa kwenye jarida kubwa la jazi kwamba anaufanya weusi kuwa kazi. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla hajatoa nyingine kwa jina lake. Ndiyo maana Carrington kumpa Dashiell nafasi ya katikati, na jina lake kwenye jalada, si jambo dogo. Mwaka 1960 jalada lilimtaja Roach kama mwenye kazi.

Roach huyo huyo alipiga dramu kwenye albamu nyingine ya mwaka 1960, na kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ndiyo ya kutafuta leo jioni. Inaitwa "Uhuru Afrika", ya mpiga piano Randy Weston. Sehemu zake zinaitwa "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Aliyepanga muziki wa bendi nzima ile kubwa ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni ambaye maisha yake yote alitoa albamu moja tu kama kiongozi.

Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike, akachagua Kiswahili, na kwenye utangulizi akamweka mtu wa kukisema sawasawa: Tuntemeke Sanga, kutoka Tanganyika. Hakuna cha Mwile hapo. Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo.

Sanga aliposimama mbele ya maikrofoni New York, Novemba 1960, Tanganyika ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na mwezi hivi kabla ya bendera yake kupandishwa.